Kaburi la Qin Shi Huang: kwa nini wasitoboe tundu dogo tu?

SWALI: Mtaalamu, nimesoma kwamba kaburi la mfalme Qin Shi Huang huko China halijafunguliwa hadi leo kwa kuhofia mito ya zebaki na mitego ya mishale. Kwa teknolojia ya sasa, kwa nini wasitoboe tundu dogo wakapitisha kamera? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mishale iweke kando. Habari zake zinatoka kwa mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika takriban karne moja baada ya mfalme kufa mwaka 210 KK. Upinde wa mti na uzi uliokaa ardhini miaka 2,200 haumtishi mchimbaji. Zebaki ipo kweli, maana vipimo vya udongo wa kile kilima vimeonyesha kiwango kisicho cha kawaida, lakini mavazi ya kujikinga nayo yapo.

Kinachonisumbua ni hilo neno "tu". Kila wiki naulizwa hivyo, kana kwamba kutazama hakuharibu. Chumba kilichofungwa muda wote huo kimeshazoeana na unyevu wake na hewa yake. Ukikitoboa, umeingiza oksijeni na vimelea vya ukungu, na unyevu wa ndani unaanza kubadilika. Wale askari wa udongo wa kuchoma waliozikwa karibu na kaburi hilo, waliogunduliwa na wakulima waliokuwa wakichimba kisima mwaka 1974, walipakwa rangi nyekundu, kijani, waridi na zambarau juu ya vanishi ya utomvu wa mti. Walipofukuliwa, vanishi ilikauka, ikajikunja na kubanduka na rangi yake ndani ya dakika chache. Ndiyo maana leo unawaona wa kijivu. Dawa ya kuishikilia rangi hiyo ilipatikana baadaye sana, na hata hiyo hutumika kwa kipande kimoja kimoja.

Wachina wenyewe walishaonja uchungu huo. Mwaka 1957 walifungua kaburi la mfalme Wanli, liitwalo Dingling, karibu na Beijing. Hariri zilizodumu zaidi ya miaka 300 zikakakamaa na kuchuja. Mwaka 1966, katika Mapinduzi ya Utamaduni, zile vurugu za kisiasa za enzi za Mao, mifupa ya mfalme na wake zake ikachomwa moto hadharani. Tangu hapo serikali imekataa kufukua makaburi ya wafalme kwa ajili ya kutaka kuona tu. Naiunga mkono kabisa.

Na haraka hii ninayoiona kwenye maswali ya China ndiyo hiyo hiyo inayotumaliza hapa kwetu Tanzania. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi yalipambwa kwa bakuli za kaure kutoka China. Nyingi zimebanduliwa na wezi, yamebaki mashimo kwenye chokaa. Kuna matapeli wanaouza "mashine za kutambua mali ya Wajerumani", yaani hazina inayodaiwa kufukiwa na wakoloni hao, na wengine wanaodai kaburi la kale lina zebaki nyekundu ya mamilioni. Zebaki nyekundu ya namna hiyo haipo. Zebaki ni ya rangi ya fedha, na anayekuchangisha pesa ya kafara ili akuchimbie anakuibia wewe na anawaibia wajukuu zako.

Ukikuta kaburi au vigae vya kale shambani, usichokonoe wala usisafishe. Piga picha, funika, toa taarifa kwa ofisi ya kijiji na kwa watu wa Mambo ya Kale. Kuchimba bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, hata kama shamba ni lako.