Fimbo ilisimama, darasa likaendelea kusoma

Mwalimu akipangiwa darasa la kwanza shuleni kwetu, wenzake humpa pole. Na mimi nilipewa, Januari 2016, mwaka ule elimu bila ada ilipoanza na wazazi wakaleta hata watoto waliokuwa wamekaa nyumbani kwa kukosa michango. Mkondo wangu ulikuwa na watoto 96. Dawati la watatu lilikaliwa na watano, waliobaki wakakaa chini juu ya mifuko ya sandarusi. Shule iko kijijini, Mkoa wa Mwanza, na wengi wao Kiswahili walikuwa wanakisikia kwa majirani na redioni tu. Mtoto anakuja asubuhi anasema "mwangaluka", salamu ya Kisukuma, anakumbuka yuko shule, anaongeza "shikamoo".

Hadi Mei nilikuwa najiona hodari. Natundika chati ya silabi, nanyoosha fimbo (ya kuonyeshea, tuelewane), darasa linaitika: ba, be, bi, bo, bu. Sauti inatikisa mabati. Walimu wa jirani wanachungulia dirishani, wananisifu. Siku moja niko katikati ya mstari wa "ka", nyigu akaingia akaanza kunizunguka kichwa. Nikamkodolea macho, fimbo imegota kwenye "ke". Darasa halikusimama. Likasema ki, ko, ku, likashuka mstari wa "la", likaumaliza, likaingia "ma". Hakuna aliyekuwa anaangalia chati. Wengi walikuwa wanamwangalia nyigu, kama mimi.

Wiki ile nikaita watoto ishirini, mmojammoja, kizingitini. Waliosoma kweli walikuwa watano. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwenye kuitikia alikuwa ananizidi hata mimi, alilitazama neno "baba" chini ya picha, akaweka kidole, akavuta pumzi: "B-a, ba. B-a, ba. Mzee!"

Basi wewe uliyepangiwa darasa la kwanza mwaka huu, sikukatazi kuitikisha. Asubuhi kuitikia kuna kazi yake: kunaamsha, kunampa ujasiri mwenye aibu, na anayejifunza Kiswahili anapata kuuzoesha ulimi. Ila usikutumie kupimia nani anajua kusoma. Kipindi ni dakika 30. Kwangu tano ni za kuitikia, kisha chati inageuzwa uso ukutani.

Zinazobaki ni za kadi. Usisubiri fedha za shule, maboksi ya sabuni yapo dukani kwa Mangi. Kata, andika silabi kwa kalamu ya wino mzito, changanya kama karata. Silabi ikitoka nje ya foleni yake ndipo unamjua anayeifahamu. Anayesema "ba, be, bi" bila kukwama anaweza kupewa "bi" peke yake akaanza kunong'ona kuanzia "ba" mpaka aifikie. Huyo hajakosea, msubiri, yuko njiani. Halafu unganisha kadi mbili upate neno lisilokuwepo, kama "tubi". Neno la kitabuni mtoto analikisia kwa picha au kwa kumsikia mwenzake, lakini "tubi" hawezi kulikisia. Na wanavyocheka! Utadhani umewatekenya.

Fundisha sauti ya herufi, si jina lake. Aliyefundishwa "be" na "a" ukimwambia aunganishe atakuambia "bea", na kwa mantiki yake yuko sahihi kabisa. Kuhusu b na d, nilihangaika mwezi mzima mpaka nilipochora: b ana kitambi, d amebeba mtoto mgongoni. Wote wanatembea kuelekea kulia. Tangu hapo anayechanganya namuuliza tu, "Mtoto yuko wapi?" L na r, kwa watoto wa Kisukuma, usizigombeze mapema. Akisoma "karatasi" akatamka "kalatasi", amesoma. Matamshi yatakuja, na yasipokuja, wapo watu wazima na heshima zao wanaosema hivyo hivyo.

Sasa swali ambalo kila mwalimu ananiuliza: utawasikiliza 96 saa ngapi? Kumi kwa siku. Sita wakati wenzao wananakili mwandiko, wanne baada ya uji. Wiki mbili umewamaliza wote, unaanza upya. Ninalo daftari la kaunta, kila mtoto ana mstari wake, naandika alichokwama: "mb", "ng'", "anaruka silabi ya mwisho". Sekunde arobaini kwa mtoto zinatosha. Kaeni mlangoni ili uone darasa kwa jicho moja, na mgeuze mgongo kwa wenzake, maana akikosea wakicheka, kesho hatafungua mdomo. Baada ya uji, si kabla, kwa wale wanaotoka mbali. Nimewahi kumwandika mtoto "hajui" saa nne kasoro, saa tano akanisomea sentensi nzima.

Hesabu nayo ina ugonjwa huohuo. Watoto wanaimba moja mpaka hamsini bila kumeza mate. Mwambie mmoja, "Nipe vizibo saba," anakuchotea kiganja kizima. Ukimwambia ahesabu, mdomo unakimbia kidole: kidole kiko kwenye kizibo cha nne, mdomo umeshafika saba. Mwekee mstari chini kwa chaki, kila kizibo avushe upande wa pili ndipo ataje namba. Mkono ukiwa na kazi, mdomo unapunguza mwendo.

Yule binti wa "mzee" nilimsikiliza mara nyingi kuliko zamu yake. Juni alikuwa ameacha kukisia, Agosti akawa anasoma polepole, kidole kimebonyea kwenye karatasi. Nikampa kadi mbili. Akasoma: "Tu. Bi. Tubi." Akanyamaza. Akaiangalia tena kadi, akaniangalia mimi, akashusha sauti kama anayenisitiri mbele ya watu: "Mwalimu, hili halipo."

Nikamjibu kweli halipo, nimelitunga. Akaomba kadi zote, akakaa nazo pale mlangoni, akaanza kuzipanga za kwake. Wenzake wanne waliokuwa kwenye orodha ya mchana ule sikuwasikiliza. Niliwasogeza hadi kesho yake.