Anayelala Kitandani Ndiye Anayejua: Maswali Yenu Kuhusu Kuwahudumia Waaborijini

Maswali mengi ya mwezi huu yametoka kwa Waswahili wenzangu wanaofanya kazi ya uuguzi na kutunza wazee Australia. Yanahusu wenyeji wa asili wa nchi hiyo, Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait. Nimekuwa muuguzi huko kwa miaka 11, na nitajibu kwa kadiri ya niliyoyaona na kujifunza.

Shikamoo dada. Nimeanza kazi hospitalini Perth. Tulipewa mafunzo ya siku moja kuhusu usalama wa kitamaduni, nikatoka na orodha ya mila: usimkazie mtu macho, usitaje jina la marehemu, na kadhalika. Nikiishika hiyo orodha haitoshi?

Marahaba, mdogo wangu. Haitoshi, na nakuomba usiiegemee sana. Kabla Waingereza hawajafika kukaa mwaka 1788, bara lile lilikuwa na lugha zaidi ya 250. Hapo Perth uko kwenye ardhi ya Wanoongar, na mambo yao si ya watu wa jangwani. Mama aliyezaliwa na kukulia mjini ukimkwepa macho atadhani unamdharau.

Wazo lenyewe la usalama wa kitamaduni lilitoka New Zealand, kwa muuguzi wa Kimaori, yaani wa wenyeji wa asili wa huko, aliyeitwa Irihapeti Ramsden, mwishoni mwa miaka ya 1980. Yeye hakumtaka muuguzi amchunguze mgonjwa na mila zake. Alimtaka ajichunguze mwenyewe: nina mamlaka gani juu ya mtu huyu? Nimekuja na dhana gani kichwani? Hospitali ninayoitumikia iliwahi kuwafanyia nini watu wake? Halafu anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni mgonjwa, si wewe wala msimamizi wako wa wodi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tangu 2018 jambo hili limo kwenye kanuni za maadili ya wauguzi wa Australia, kwa hiyo usilifanye kama hisani. Ni kazi uliyoajiriwa kuifanya.

Dada, mimi niko Darwin. Wagonjwa wetu wengi wa Kiaborijini wanaondoka kabla ya kumaliza matibabu, na sisi tunaandika kwamba wametoroka. Tunakosea wapi?

Kaka, tuanze na hilo neno. Anayetoroka ni mfungwa au mtoto wa shule. Mtu mzima aliyeondoka amefanya uamuzi, na alikuwa na sababu ambayo pengine hakuna aliyeiuliza.

Nitakueleza kisa kimoja, bila kuitaja hospitali. Tulimlaza mama aliyetoka kijiji cha mamia ya kilomita, mwenye maambukizi mabaya ya mguu. Siku ya pili jioni akaanza kufunga mizigo yake. Kwenye faili tayari kulikuwa kumeandikwa kwamba hashirikiani, na mimi niliyekuwa zamu niliyasoma maneno hayo nikayaamini. Nikamweleza hatari ya kuondoka, kwa sauti ya juu zaidi kila aliponyamaza. Kisha akaja mhudumu wa afya wa Kiaborijini. Alivuta kiti akakaa, hakugusa faili. Alimuuliza ametoka wapi, ni wa ukoo gani, nani amebaki na watoto. Haikuchukua dakika 15. Kumbe dada yake alikuwa amefariki siku ile aliyolazwa, na yeye ndiye aliyetakiwa msibani. Tulimpigia daktari, akabadilishiwa dawa, kliniki ya karibu na kwao ikapewa taarifa, akaenda kuzika. Mimi nimetoka kwenye watu ambao msiba unasimamisha mtaa mzima. Nilipaswa kuwa wa kwanza kuuliza, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Kuna pia hofu ya majengo yenyewe. Kati ya 1908 na 1919, serikali ya Australia Magharibi iliwakamata Waaborijini walioshukiwa kuwa na magonjwa ya zinaa, ikawafungia kwenye hospitali za visiwa vya Bernier na Dorre. Wengi hawakurudi. Baadaye zikaja wodi za kuwatenga. Na ripoti ya taifa ya mwaka 1997 ilikadiria kwamba kati ya 1910 na 1970, kati ya mtoto mmoja kwa kila 10 na mmoja kwa kila 3 wa wenyeji hao alichukuliwa kwa nguvu kutoka kwa wazazi wake. Wengine walichukuliwa hospitalini, wakiwa wachanga. Bibi uliyemlaza juzi alikuwa mtoto wakati hayo yakitendeka. Akikuona unaingia na karatasi na kalamu, haoni msaada.

Mimi ni Mkongo, nilikuja Brisbane kama mkimbizi na sasa ninatunza wazee. Nami ni mweusi, nami ninabaguliwa. Kwa nini nifundishwe kutobagua?

Ndugu yangu, uchungu wako nauelewa, maana nimeuonja. Lakini ukivaa sare, mgonjwa anaiona sare kwanza. Wewe ndiye mwenye ufunguo wa kabati la dawa, na wewe ndiye unayeandika neno litakalosomwa na zamu zote zijazo.

Tena niseme wazi. Nimekaa kwenye chumba cha chai nikawasikia watu wetu, Wakenya, Watanzania, Warundi, wakisema Waaborijini ni walevi na wanakula pesa za bure. Tumeyaokota wapi maneno hayo? Hatukuja nayo kutoka nyumbani. Na maneno hayo yanaua. Mtu ambaye sukari yake imeshuka huyumba na kuongea ovyo kama mlevi. Ukishamwita mlevi hutampima, na anaweza kufa mbele yako. Anayevuja damu ndani ya kichwa ni hivyo hivyo.

Tuna mahali pa kuanzia, kama hatutajivuna. Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba kuna mkwe ambaye hukai naye chumba kimoja, kwamba mama mdogo ni mama, kwamba mambo ya uzazi hayasemwi mbele ya wanaume. Waaborijini wengi wana heshima zinazofanana na hizo. Zisikufanye udhani unawajua, zikukumbushe kuuliza.

Ninasoma udaktari Dodoma. Nimesikia Waaborijini wana kliniki zao wenyewe. Huko si kujitenga?

Mwanangu, aliyewatenga si wao. Kliniki ya kwanza ilifunguliwa Redfern, Sydney, mwaka 1971, kwa sababu watu walikuwa wakidharauliwa kwingine au hawaendi kabisa. Walianza na chumba cha duka na madaktari wa kujitolea, akiwamo daktari wa macho Fred Hollows. Miaka miwili baadaye zikafuata Fitzroy na Alice Springs. Leo mashirika ya namna hiyo yanazidi 140, na bodi zake huchaguliwa na jamii yenyewe.

Kinachonigusa zaidi ni habari ya figo. Wagonjwa wa jangwa la magharibi walilazimika kuhamia Alice Springs ili wasafishwe damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, maisha yao yote, mbali na wajukuu na ardhi yao. Wengine walichagua kurudi nyumbani wakafie huko. Mwaka 2000 wachoraji wa Kintore na Kiwirrkurra, vijiji vya jangwa hilo, wakachora picha kubwa, zikapigwa mnada Sydney, zikaleta zaidi ya dola milioni 1 za Australia. Kwa pesa hizo wakaanzisha huduma yao, na mwaka 2004 mashine ikaanza kufanya kazi Kintore, zaidi ya kilomita 500 kutoka Alice Springs. Wazee walirudi kwao wakiwa hai. Ukiwa daktari, jiulize ni mpango gani wa wizara uliowahi kuwaza hivyo.

Bado kazi ni kubwa. Kwa takwimu za 2020 hadi 2022, mwanamume wa wenyeji hao hutarajiwa kuishi pungufu kwa takriban miaka 9 kuliko wanaume wengine wa Australia, na mwanamke kwa miaka 8.

Mgonjwa wangu anajibu "ndiyo" kwa kila kitu. Nitajuaje kama ameelewa?

Hujajua bado. Wagonjwa wetu huku nyumbani nao humwitikia daktari "ndiyo" ili aondoke. Muulize ni lugha gani anaongea nyumbani, kisha ita mkalimani. Northern Territory kuna huduma ya serikali ya wakalimani wa lugha za Kiaborijini. Usimtumie mjukuu wake. Ukimaliza, mwombe akueleze wewe yaliyosemwa, na ukiona kimya, kiache kikae. Kimya hicho si chako kukijaza.

Familia imeomba kumleta mganga wao wa jadi wodini. Niruhusu?

Ndiyo, mjulishe daktari na umtafutie faragha. Katika nchi ya Waanangu, wenyeji wa jangwa la katikati ya Australia, waganga hao huitwa ngangkari, na kuna hospitali na kliniki zinazofanya nao kazi waziwazi. Dawa zako ziendelee kama kawaida.

Mzee wetu amefariki alfajiri katika nyumba ya wazee. Jina lake bado liko ubaoni na mlangoni. Nifanye nini?

Poleni sana. Ondoa jina sasa hivi, kisha uulize familia wanataka aitweje. Sehemu nyingi jina la marehemu halitamkwi kwa muda. Watu wa Australia ya Kati hutumia Kumanjayi badala yake. Waambie wa zamu ya usiku, na pia wa jikoni wanaopita na sinia za chakula, maana wao ndio huita majina kwa sauti. Na kama jirani yake wa chumba cha pili anaitwa jina hilohilo, kaa naye umuulize angependa aitweje kwa sasa.