Fedha ya karo na fedha ya sauti ni mbili

Mdogo wangu uliyeuliza, umesema mko wanafunzi 14 wenye ulemavu katika chuo chenu hapa Mombasa, mmeunda kikundi cha kutetea haki zenu, mkaomba bajeti kwa ofisi ya mkuu wa wanafunzi mkaambiwa hakuna fungu, na sasa mnataka kujua pesa zitatoka wapi na watu wa mtaani mtawaingiza vipi. Nakujibu kwa niliyoyapitia mwenyewe. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi kama chenu kwa miaka mitatu, natembea kwa magongo, navuka feri ya Likoni kila asubuhi kwenda chuoni.

Kosa letu la mwanzo lilikuwa kuchanganya fedha mbili. Ipo fedha ya kumfaa mwanafunzi mmoja mmoja, yaani karo, kiti cha magurudumu, fimbo nyeupe au kifaa cha kusikia, na milango yake inajulikana: Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, mikopo ya HELB (Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu), basari za kaunti na za eneobunge. Asiye na kadi ya Baraza miongoni mwenu aanze kuishughulikia wiki hii. Lakini basari hutolewa kwa jina la mwanafunzi na kulipwa chuoni. Haimlipi mkalimani wa lugha ya ishara siku ya mkutano, wala nauli ya tuktuk, wala karatasi za Breli. Fedha ya kulipia hayo ndiyo fedha ya sauti, yaani ya kutetea haki, na sisi kwa mwaka mzima tuliona haya kuitaja. Tulizunguka na barua iliyoomba "msaada kwa wanafunzi wenye ulemavu", na watu wakatoa kwa moyo safi: unga, sukari ya Ramadhani, hata viti viwili vya magurudumu. Tulishukuru, tukarudi chuoni, na hatukuweza kufanya hata kikao kimoja cha maana.

Kilichotuzindua ni kikao kuhusu rampu ya maktaba, yaani njia ya mteremko ya kupandia viti vya magurudumu. Kilifanyika orofa ya pili, katika jengo lisilo na lifti. Mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu alibebwa na vijana wanne, kiti chake kikifuata nyuma kikigonga ngazi. Mwenzetu kiziwi, aliyekuwa akisomea ujenzi, aliketi kando yangu. Mhandisi alizungumza kama dakika kumi huku akionyesha mchoro, nami nikamwandikia kwenye daftari sentensi moja: "Anasema rampu itakuwa mita 2." Akasoma, akaandika chini yake: "Kupanda kimo gani?" Mle chumbani hakuna aliyekuwa ameuliza hivyo. Kipimo kinachotumika kwa kawaida ni mita 12 za mteremko kwa kila mita 1 ya kimo, na mlango ule uliinuka karibu nusu mita, kwa hiyo zilihitajika mita 6. Nilipoinua mkono kumuulizia, mwenyekiti alikwisha kupita kwenye ajenda nyingine. Rampu ikajengwa kwa zile mita 2, na hakuna mwenye kiti cha magurudumu aliyewahi kuipanda bila kusukumwa. Malipo ya mkalimani ya alasiri moja yangeiokoa rampu nzima ya saruji.

Baada ya hapo tuliandika upya ombi letu, kila kitu kwa jina na bei yake: mkalimani wa vikao viwili kwa muhula, nauli za watu watano, uchapishaji. Tulikwenda kwanza kwa madereva wa tuktuk wa steji yetu, ambao wanatujua kwa sura na wanajua tunavyotaabika kwenye mteremko wa feri wakati wa maji kupwa. Hawakutoa shilingi. Walipanga zamu, kila siku ya kikao mmoja wao anawabeba wenzetu bure, na zamu ile haikukatika kwa muhula mzima. Akina mama wa chama kimoja walichukua fungu la uchapishaji. Wao walitaka jambo moja tu, kuonyeshwa barua iliyochapishwa kwa pesa zao, na tuliwasomea neno kwa neno.

Msikitini nilijifunza jambo ambalo ni vyema mlijue kabla ya kwenda. Shekhe alitueleza kwa upole kwamba zaka ina aina nane za watu wanaostahili kupewa, waliotajwa katika Qurani, kwa hiyo anaweza kumpa mwanafunzi fukara mwenyewe, lakini hawezi kuiingiza katika matumizi ya kikundi. Sadaka, alisema, ina uwanja mpana. Akatutangazia Ijumaa iliyofuata, na mwenzetu kiziwi akasimama akaeleza kwa mikono yake, mimi nikitia sauti. Mzee mmoja alipinga kwamba elimu ni kazi ya serikali. Mzee mwenziwe akamjibu kwamba chuo cha Tudor, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Waislamu wa Kibohora na Shekhe Khamis wa hapa hapa Mombasa. Sisi hatukuwa wanafunzi wa chuo hicho, lakini maneno yake yalitufaa kuliko hotuba yoyote tuliyoiandaa.

Sasa nikuonye. Msichangishe hata senti kwa ajili ya rampu, choo au mkalimani wa darasani. Hayo ni deni la chuo: Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu na kutumia lugha ya ishara na Breli, na Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Mkilipa wenyewe, mmekiondolea chuo mzigo wake. Na chuo kikijitolea kulipia utetezi wenu, tazameni masharti. Muhula mmoja chuo chetu kilitupa fedha za semina, kisha tukaombwa kwa adabu kubwa tuondoe katika barua yetu sentensi kuhusu vyoo. Tuliiondoa, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo jisajilini kama kikundi cha jamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Inataka wanachama wasiopungua 10, nanyi mnatosha. Fungueni akaunti yenu yenye watia saini watatu, mmoja wao awe amekwisha kuhitimu, kwa sababu wanafunzi huondoka na kumbukumbu huondoka nao. Kila mwezi watumieni waliochangia hesabu, kwa maandishi na kwa sauti, hata kama mwezi huo hamkutumia kitu.

Ukishaandika orodha yenu ya bei, iweke hapa niipitie kabla hamjaipeleka popote. Anza na bei ya mkalimani. Muulizeni mwenyewe anatoza kiasi gani kwa saa, msikisie.