Opareta bora kawa supavaiza mbovu, tumekosea wapi?

SWALI: Shikamoo Bi Zamu. Mi ni afisa mafunzo kwenye kiwanda cha nguo hapa Dar, tuna watu kama 1,800 hivi. Tulipandisha maopareta 14 kuwa masupavaiza, tukachukua wale wanaoongoza kwa taget, tukawapa semina ya siku moja na makoti ya rangi tofauti. Sasa ni miezi minne, wawili wanaomba warudi kwenye mashine, laini mbili kazi ya kufumua na kurudia imezidi, na juzi mmoja kamwambia binti "kesho usije" mbele za watu, binti kaondoka kweli. Bosi anasema tulichagua vibaya. Ni kweli?
Afisa mafunzo, Dar

JIBU: Marahaba mwanangu. Hamjachagua vibaya kihivyo, mmewatupa tu. Semina ya siku moja na koti, jamani! Huyo opareta miaka yote mnamsifia mikono yake kwenda mbio, leo mnataka mikono itulie macho ndo yafanye kazi, na hakuna aliyemwambia hilo, sasa laini ikikwama atafanya nini? Atakaa kwenye mashine ashone.

Najua kwa sababu na mimi nilifanya hivo hivo. Wiki yangu ya kwanza dada wa kola hakuja, nikakaa nafasi yake toka asubuhi mpaka chai ya saa nne, kola zinatoka zimenyooka hizo, nimefurahi, kumbe huku nyuma bando zima la mikono ya kushoto limeungwa kulia, ovaloki moja inaruka nyuzi na fundi mashine hajaitwa, na kuna dada kajichoma kidole anajifunga na kipande cha kitambaa alichookota chini. Mkuu wa zamu akaja akanigusa bega, "Hii laini nani anaiangalia?" Nilibaki nimeshika kola tu.

Mi ningeanza na kuwafundisha kufundisha, maana supavaiza mpya kazi anaijua ila hajui kuihamishia kwa mwingine. Wamarekani vita kuu ya pili iliwakuta na shida kama yako ila kubwa mno, viwanda vinachukua watu ambao hata spana hawajawahi kushika, wakaanzisha mpango wa kuwafunza masupavaiza mwaka 1940 ukaenda mpaka 1945. Somo la kufundisha kazi lilikuwa masaa 10 tu, mawili mawili kwa siku tano, na kakadi ka kuweka mfukoni. Muandae mtu, muonyeshe huku unaeleza, mwache ajaribu na yeye akueleze, halafu muachie ila uwe unapita pita kumchungulia. Mkufunzi alikuwa anamuita mmoja mbele, anamuelekeza kwa mdomo tu namna ya kufunga fundo la waya wa umeme, jamaa anashindwa, kisha kwa mwingine anafunga yeye bila kueleza chochote, naye anashindwa. Darasa zima linajiona hapo. Vita vilipoisha Wajapani wakaubeba mpango huo, Toyota wakiwemo.

Kwako waya wa nini, tumia sindano. Muulize supavaiza wako sindano ikikatika opareta anafanya nini, atakujibu vizuri tu, anazima mashine, anatafuta vipande vyote, vinabandikwa kwenye daftari ndo anapewa mpya. Haya, mwambie sasa akamfundishe binti aliyeanza jana. Utasikia "okota vipande fasta, taget inaenda!" Kwa nini aokote, hajasema. Binti angejua kwamba ile ncha inaweza kubaki kwenye pindo la gauni la mtoto wa miaka mitatu, angepiga magoti chini ya mashine mwenyewe bila kusimamiwa.

Hilo la "kesho usije" usilale nalo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki, mtu hafukuzwi kwa mdomo kwenye laini, na binti ana siku 30 za kwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko anayejibu ni kampuni sio supavaiza. Mpigieni simu arudi. Halafu wote 14 wajue na masaa, 45 kwa wiki, ovataimu ni kwa makubaliano, isizidi masaa 50 ndani ya wiki nne, na malipo ni mara moja na nusu, maana wengi wanadhani kumbakiza mtu jioni ni amri yao.

Kundi lijalo kila mmoja akae na supavaiza mzoefu wiki tatu kabla hajapewa laini. Sio yule mkali, yule ambaye laini yake haina kelele. Wiki ya kwanza asiguse mashine kabisa. Na hawa mlionao wapeni saa moja kila wiki nje ya laini waje na kesi zao, bosi akilalamika hiyo saa mpeleke akaone lile lundo la kufumua. Wale wawili warudisheni kwa heshima, wasisimangwe.

SWALI: Bi Zamu mi ndo nimepewa laini juzi, watu 32. Shida ni shoga yangu, tuko kikoba kimoja na tulikaa mashine jirani. Anachelewa kila siku, nikimsema anajibu "haya madam" laini nzima inacheka. Nifanyeje?
Supavaiza mpya, Morogoro

JIBU: Acha kumsema kwenye laini. Muda wa chakula kaa naye benchi moja, muulize "Shoga, asubuhi siku hizi kuna nini?" halafu nyamaza. Mi niliwahi kumuandikia mtu onyo kumbe mtaani kwao maji yanatoka alfajiri tu. Ukishamsikia mwambie wazi, wewe unaunga mabega, ukichelewa dakika ishirini wa mikono na wa kola wote wanakaa bure. Kosa dogo kanuni za ajira za 2007 zinakuruhusu uanze na kurekebishana kwa maneno, akiendelea onyo liandikwe kama la mtu mwingine yeyote. Hiyo ya "madam" cheka nao tu itachuja. Kikoba usitoke, ila kama wewe ndo mweka hazina mwachie mwingine, maana utakuja kumpa mtu onyo asubuhi na jioni unamdai hisa.