Kabla ya Kuchora Bustani, Ingojee Mvua

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa kama mbunifu wa bustani ilikuwa uwanja wa nyumba moja huko Kigamboni, Dar es Salaam, na niliiharibu. Mwenye nyumba alitaka ukoka uwe umeshika kabla ya harusi ya binti yake, nami, kwa kuogopa kuonekana sijui, niliagiza malori matatu ya udongo mwekundu, tukaumwaga juu ya mchanga, tukapanda ukoka na kupokea sifa. Mvua za masika zilipoanza, usiku mmoja tu ulitosha kuubeba udongo ule hadi kwenye geti la jirani. Nililipia vibarua wa kuuzoa, na nikakiri moyoni kwamba mimi niliyejisomea majina ya mimea zaidi ya mia sikuwahi kujiuliza maji ya paa lile yanakwenda wapi.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kujifunza kazi hii bila kupitia chuo, anza na maji, na mimea iache isubiri. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji, hivyo paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 humwaga takribani lita 2,000 uani. Nenda kwenye kiwanja wakati mvua inanyesha, ukiwa na koti na vijiti vya kuweka alama, uone maji yanaingilia wapi, yanatuama wapi na yanatoroka kwa njia gani. Mara nyingi mchoro wa bustani unakuwa umeshajichora wenyewe: pale yanapopita kwa kasi pawekwe matuta yanayokingama na mteremko, na pale yanapotuama pawe na bonde dogo la mimea inayovumilia kulowana.

Baada ya maji, udongo. Tia udongo kiasi katika chupa pana inayoonyesha ndani, jaza maji, ifunge, tikisa, kisha iache itulie. Mchanga hukaa chini mara moja, tope laini hufuata baada ya saa kadhaa, na udongo wa mfinyanzi unaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Chimba pia shimo la sentimita 30, lijaze maji mara mbili na upime muda wa kunyonywa kwa yale ya pili. Kwetu pwani maji hupotea upesi mno, na visima vingine vina chumvi, ndiyo maana mwembe uliomwagiliwa kwa bidii bado unaweza kuungua ncha za majani.

Mchanga hautibiwi kwa kufunikwa na udongo wa kuletwa. Mfano ninaoupenda uko Bamburi, karibu na Mombasa, ambako mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji yaliyobakia mwamba wa matumbawe mtupu. Alijaribu aina 26, na miongoni mwa chache zilizomudu ulikuwepo mvinje, ambao mizizi yake huishi na bakteria wanaotwaa nitrojeni, kirutubisho cha mimea, kutoka hewani. Hata hivyo majani yake makavu yalilala chini bila kuoza, mpaka alipoleta majongoo, wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa mboji. Tangu nilipoifahamu habari hiyo sifagii tena majani ya mkungu ili yachomwe. Ninayatandaza chini ya miti pamoja na makumbi ya nazi, ingawa wapo wateja wanaoniona mvivu.

Mtu aliyejifundisha mwenyewe hana mwalimu wa kumsahihisha, basi awe na daftari. Andika tarehe ya kupanda, chanzo cha mche, na kila mche uliokufa pamoja na sababu unayoidhania. Kurasa zangu za vifo ndizo ninazozirudia zaidi: samadi mbichi iliyounguza mizizi, asumini niliyoiweka kwenye upepo wa bahari, miche ya kitaluni iliyojisokota mizizi ndani ya kiriba. Mishubiri haimo katika kurasa hizo, na inapochanua ndege chozi hawakosekani.

Kuhusu malipo, sasa ninatoza ada ya upimaji peke yake, nayo inahusisha kuja angalau mara moja wakati wa mvua. Mteja asiyetaka kungoja simbishii sana. Ninamwomba ruhusa ya kupanda kunde uwanja mzima. Zitafunika mchanga, zitaongeza nitrojeni, na majani ya kunde yatapikwa jikoni kwake kabla mchoro wangu haujakamilika.