Sirizi iingie folda ipi? Uzoefu wangu wa duka la muvi hapa Moshi

Mkuu, umeuliza hivi: umefungua chumba cha kurushia watu muvi kwenye flashi kule Kiborloni, diski imejaa sirizi, na kila ukikaa kuzipanga unakwama. Hii iwe Kikorea au Mapigano? Ile iwe Mapenzi au Kituruki? Mimi niko Majengo na kazi hii naifanya tangu watu wanakuja na sidii mkononi, kwa hiyo nakujibu kwa nilivyoona kwa wateja. Mambo ya leseni na hakimiliki sigusi hapa, hayo kaulize COSOTA na Bodi ya Filamu kabla hawajakufuata wenyewe.

Usianze kwa kujiuliza sirizi inahusu nini. Sikiliza mteja anavyoagiza. Mama wa saluni hawezi kukwambia anataka tamthilia ya kihistoria, atasema "nipe ile ya Kikorea ya wafalme" au "ile ya Kituruki yenye farasi". Chalii wa bodaboda atakwambia "mangi, nirushie Jack Bauer", jina la 24 wala hana habari nalo, na Prison Break kwake ni Scofield. Ukiwasikiliza siku nzima utaona wanaanza na nchi, wanafuata steringi, aina ya hadithi inakuja mwisho kabisa. Kwa hiyo folda zangu kubwa ni za nchi: Kikorea, Kituruki, Kifilipino, Kihindi, Kizungu, za Nyumbani. Mapigano, mapenzi na wafalme vinakaa ndani ya hizo.

Nchi yenyewe uichukue kama mteja anavyoichukua. La Casa de Papel ni ya Hispania, ilianzia televisheni ya Antena 3 mwaka 2017 kabla Netflix hawajaichukua na kuikatakata upya. Sasa ukifungua folda ya Kihispania kwa ajili yake, itakaa humo peke yake na hakuna atakayeifuata. Mimi iko Kizungu. Mwaka 2022 Wakorea wakatoa ya kwao kwa hadithi ile ile, hiyo nikaiweka Kikorea na kwenye jina nikaongeza "ya Wakorea", maana mtu akifika nyumbani akakuta sura asizozijua atarudi na maneno.

Za kutafsiriwa zitenge kabisa, hapo usifanye mzaha. Tangu enzi za Lufufu, yule aliyekuwa akitafsiri muvi kwa sauti yake mwenyewe, kuna watu hawaangalii kitu kama hakuna sauti ya Kiswahili juu yake, na kuna wengine ukiwawekea hiyo sauti wanakuona umewaharibia. Jumong ina episodi 81. Kama tafsiri uliyonayo imeishia katikati, andika kwenye jina la folda imeishia ngapi. Ukitaka kuwa makini zaidi, tofautisha na zile zilizoingizwa sauti za waigizaji, kila mhusika na sauti yake, kama ile ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake iliyorushwa TBC mwaka 2011. Wazee wanazipenda hizo kuliko za mtu mmoja anayepiga kelele mwanzo mpaka mwisho (samahanini wapenzi wa madijei wa kutafsiri).

Sasa katuni. Hapa ndipo nakuomba utumie muda wako mwingi, kwa sababu hapa mteja ni mtoto aliyetumwa na flashi na shilingi mia tano. Mzazi amesema "mwambie akuwekee katuni", basi. Ukiwa na folda moja inaitwa Katuni na kila kilichochorwa umekitumbukiza humo, utamrushia mtoto wa darasa la pili South Park. Ile ni katuni kweli, ipo tangu 1997, lakini matusi yake hata wewe mtu mzima unaangalia mlango umefungwa. Attack on Titan nayo imechorwa vizuri mno, na ndani watu wanaliwa wazima wazima. Kwa hiyo kuchorwa si kigezo. Mimi nina Watoto, humo nimeweka vile ambavyo nimeviangalia mwenyewe au wanangu wameviangalia nikiwa sebuleni, halafu nina Katuni za Wakubwa, na anime zote, yaani katuni za Kijapani, zinaanzia huko mpaka nijiridhishe. Mtoto akiniomba kitu cha folda ya pili namwambia aje na mama. Nimepoteza vijisenti kwa namna hiyo, ila wazazi wa mtaa mzima wanatuma watoto kwangu.

Kinyume chake pia kipo. Squid Game ya 2021 ukiona picha zake, michezo ya watoto, rangi rangi, mdoli mkubwa, unaweza kudhani ni ya familia. Episodi tisa na karibu zote zina maiti. Picha ya juu isikuchagulie folda.

Kitu kingine kinachosumbua ni sirizi yenye sura mbili. Ertuğrul ya Waturuki ilirushwa TRT 1 kuanzia 2014 hadi 2019, sizoni tano, episodi 150, na moja inakaribia saa mbili. Netflix wakazikata vipande vifupi vikafika 448. Hadithi ni hiyo hiyo, hesabu haifanani. Mteja amefika episodi ya 60 ya zile ndefu, wewe unampa ya 61 ya zile fupi, amerudishwa nyuma kwenye vita alivyokwisha kuviona na anadhani umemtapeli. Weka folda mbili, Ndefu na Fupi, na kabla ya kurusha muulize ya mwisho aliyoangalia ilikuwa na urefu gani. Kuruluş Osman iliyofuata iweke jirani yake, kwa kuwa ni habari za mtoto wa huyo huyo. House of the Dragon nayo ninaiweka kando ya Game of Thrones hata kama visa vyake vimetangulia kwa karibu miaka mia mbili. Anayemaliza moja anaomba nyingine pale pale.

Kama ni muvi au sirizi, mimi naangalia kama inaendelea. Sherlock ya BBC ina episodi tatu kwa sizoni, kila moja dakika kama tisini, na watu wananibishia kwamba ni muvi. Lakini wahusika ni wale wale na mambo yanavuka kutoka moja kwenda nyingine, basi ni sirizi. Black Mirror kila episodi ina watu wake na mwisho wake, hiyo hata ukimpa mteja moja tu hajapungukiwa, kwa hiyo naiuza kwa kipande.

Za Nyumbani hazihitaji mgawanyo mkubwa. Huba, Juakali, Siri ya Mtungi, kila moja na folda yake, tarehe mbele ya jina kwa zile zinazoendelea kutoka, imeisha.

Mwisho, usinakili sirizi moja folda mbili ili ionekane kote, diski itajaa kabla ya Krismasi, na Desemba ndiyo Wachaga wote wanarudi na flashi zao. Tumia ile ikoni ya njia ya mkato yenye kimshale. Ila mwambie kijana wako asije akamrushia mteja hiyo ikoni, atafika Marangu akute haifunguki. Na sirizi ambayo hakuna aliyewahi kuiulizia usiitafutie folda. Mimi zangu ziko Mchanganyiko, mtu wa pili akiulizia ndipo naitoa.