Kabla ya bwawa jipya, tuanze na mabomba

Ndugu, umeuliza kama jiji linalozidi kujaa watu huku mvua hazitabiriki lijenge bwawa jingine. Mimi ningeanza na mabomba. Bwawa halileti mvua, na mabomba yakivuja utakuwa unanywesha udongo tu. Kipimo chake ni rahisi: soma mita kuu ya mtaa saa nane usiku, watu wamelala. Ikiwa bado inazunguka kwa kasi, maji mengi yanapotelea njiani. Hata kupunguza presha saa hizo hupunguza uvujaji, bila kuchimba barabara.

Kisha majitaka. Windhoek, Namibia, wanayasafisha hadi yawe ya kunywa tangu 1968. Najua wengi hukunja uso wakisikia hivyo, lakini jiji lile halina mto wa kudumu karibu.

Matumizi ya nyumbani nayo yana uzito. Cape Town mwaka 2018 waliwekewa kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku. Watu walioga wamesimama ndani ya beseni, maji yale yakamwagwa chooni. Siku iliyohofiwa, ya kufunga mabomba ya jiji kwa kuishiwa maji, haikufika. Ila kikomo kama hicho kiwabane na wenye mabwawa ya kuogelea, si wanaochota kwa ndoo peke yao.